Kitenge Juu ya Sikio

Kwa maneno ya Merina muuza barafu, Mama Chilewa alimuua yule mtoto mchana kweupe, tena bila haraka, kama mtu anayechambua mchele.

Merina alisema siku hiyo alikuwa kibarazani kwake, ukuta kwa ukuta na nyumba ya ulezi ya Mama Chilewa, akipasua barafu ya kuuza. Akatupa jicho dirishani. Si kwa umbea, alisisitiza, dirisha lenyewe lilikuwa wazi, angefumba macho kwa sababu gani? Akamwona Mama Chilewa anafungua kitenge kiunoni, anapanda kwenye kigoda, analifunika Sikio. Akashuka, akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha king'ora cha jua kikalia, milango ikajifunga, na hapo ndipo zilipoanza kelele: ngo, ngo, ngo. Kama mtu anayepiga bati kwa kisigino. Zikaenda, zikaenda, mpaka zikachoka zenyewe. Jioni jua lilipopoa Yona akatolewa ndani amefunikwa, mtoto wa miaka mitano, mwepesi kama kuku.

"Sasa niambieni nyie," alimalizia Merina, mkono kiunoni. "Mtu mwema anafunika Sikio la nini?"

Alikuwa akiwasimulia waliopanga foleni kwenye bomba la maji. Foleni ilikuwa ndefu na hadithi ilikuwa fupi, kwa hiyo kila aliyefika nyuma alisimuliwa upya, na kila iliposimuliwa upya ile ngo ngo ngo iliongezeka.

"Na wewe ulipozisikia hizo kelele ulifanya nini?" aliuliza mzee mmoja aliyekuwa amekalia dumu lake.

"Ningefanya nini, babu, na king'ora kimeshalia? Nitoke juani niive?"

"Barafu yako inayeyuka, Merina. Mdomo wako hauyeyuki."

Watu wakacheka. Merina hakucheka. "Huu mdomo ndio uliowaambia. Bila huu mdomo mngemzika yule mtoto, mkanawa mikono, mkaenda kula. Leo twende wote uwanjani. Sikio lifunguliwe, tusikie wenyewe. Haki ya Mungu, kama nimeongopa niwekwe nje ya Kivuli mimi."

"Lifunguliwe!" akaitikia mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Na wengine wakaitikia.

Damari alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, nyuma ya yule mzee, ameshika dumu lake kwa mikono miwili. Hakuitikia na hakupinga. Alikuwa binti wa watu mwenye uso mtulivu, elimu yake darasa la saba, na hapo bombani walimjua kama mfanyakazi wa Ghala, basi. Hakuna aliyejua kwamba Sikio la nyumba ya Mama Chilewa lilimwaga kila lilichosikia ndani ya masikio yake yeye.

*

Mji wa Mlowezi ulikaa chini ya turubai. Waliouanzisha walilitandaza juu ya nguzo ndefu kutoka mlima hadi mlima, wakaliita Kivuli, na waliokuja baadaye wakawa wanalitia viraka. Asubuhi na jioni mtu angeweza kutembea chini yake. Mchana, king'ora kikilia, hata Kivuli hakikutosha. Milango ya nyumba zote ilijifunga yenyewe mpaka jua lipoe, na aliyekutwa mbali na kwake alijibanza alipo.

Joto lilikuwa limeacha watoto wengi bila wazazi. Watu wakakubaliana kwamba mtoto akipewa mlezi asiachwe mikononi mwa mtu bila wa kumsikia. Ndipo likaja Sikio: kisahani cha udongo wa kuchoma, ukubwa wa kifuniko cha sufuria ndogo, kikapachikwa ukutani juu ya jiko la kila nyumba ya ulezi. Kilichosikika humo kilikwenda kulala Ghalani na kikawa mali ya mtoto. Akikua angeweza kukifungua, au kukichoma, au kukiacha. Kabla ya hapo alikijua mtu mmoja tu, msikilizaji, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa, kusikiliza na kugonga kengele pakiwa na hatari.

Mwanzoni waliiachia mashine kazi hiyo. Mashine iligonga kengele kwa mtoto aliyelilia uji, na ikanyamaza kwa mtoto aliyekwisha kuacha kulia. Wakawaajiri wasichana.

Sasa, kuna jambo ambalo halikuandikwa popote, lakini kila mtu Mlowezi alilijua. Mlezi akitaka kuogesha watoto, au kujiweka sawa kwa mambo ya kike, alilifunika Sikio kwa kitenge. Kitenge hakikuzuia chochote, Sikio lilisikia vile vile. Ila lilikuwa na kijicho kidogo cha mwanga, na likifunikwa, taa ya kijani kwenye meza ya msikilizaji ilizima. Msikilizaji akiona taa imezima alishusha hedifoni shingoni, akageukia nyumba zake nyingine, akasubiri taa iwake. Aliyemwachia Damari kile kiti alimwambia siku ya kwanza kabisa: "Kitenge kikipanda, wewe shusha. Watu wanaoga pale." Na Damari, ambaye mama yake alimlea apige hodi hata kwenye ua wa majani, aliona ni sawa kabisa. Hata kuambiwa hakuhitaji.

Siku ile taa ya Mama Chilewa ilizima asubuhi. Haikuwaka tena.

Damari alikuwa ameitazama mara kwa mara. Alidhani wanafua. Alidhani mama amelala, amesahau kukiondoa. Mara moja mkono wake ulishika hedifoni, ukaziacha. Angeingiaje uani kwa mtu?

*

Lameki, Mwenyekiti wa Baraza la mji, alimpokea ofisini kwa heshima zote, akamsogezea kiti mwenyewe.

"Mbukwa, binti yangu," alimwamkia.

"Mbukwa, baba."

Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa. Uwanjani nje watu walianza kujaa. Sauti ya Merina ilisikika juu ya zote.

"Unaijua sheria," alisema Mwenyekiti. "Wananchi wakitaka Sikio lifunguliwe, msikilizaji wa nyumba ile anaisikiliza siku nzima upya, na palipofunikwa pia. Halafu anasimama mbele ya watu anasema neno moja. Funguka, au baki. Neno lako tu, si langu. Ghala haliniitikii mimi."

"Nikisema funguka, linatoa kipande kile tu?"

"Ghala halitoi kipande. Linatoa siku nzima au halitoi kitu. Wewe hukuwepo, ulikuwa hujazaliwa. Mtu aliwahi kukata sauti na kuziunga, mwenzake akafukuzwa Kivulini kwa maneno ambayo hakuyasema. Tangu hapo hakuna kukata."

Damari akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa.

"Mimi sikuingilii," aliendelea Lameki, na sauti yake ikawa ya baba kweli. "Lakini mfikirie yule binti aliyebaki. Sechelela. Ana miaka kumi na moja, sauti yake imo humo, siku yake nzima imo, mpaka anavyooga. Watu hawa watasikia, wataondoka, watakuwa wanaiga sokoni. Atakua hapa hapa, ataolewa hapa hapa. Stara ya mtoto ndiyo sababu Ghala lipo."

"Ni kweli, baba."

"Na kuna jambo jingine, sikwambii kwa ubaya. Wakisikia yote watauliza, msikilizaji alikuwa wapi?"

Damari akatazama mikono yake. "Hilo nimeshajiuliza," alisema.

*

Chumba cha kusikilizia kilikuwa na baridi. Ghala lote lilikuwa na baridi, maana mashine za kutunza sauti zikipata joto huharibika, na sauti zikiharibika hazirudi. Damari alikaa, akavaa hedifoni, akairudia siku, akipitisha mbio vimya virefu.

Maji yalimwagika beseni. Mama Chilewa aliimba wimbo wa kuogeshea, ule wa kidole gumba kilichokwenda shamba. Yona alilalamika sabuni imeingia machoni, akaambiwa ni kwa sababu macho yake ni makubwa kama ya mbuzi wa Mwenyekiti. Akacheka. Kisha dumu lilisikika likibebwa.

"Sechelela, nakwenda kuchota. Hayo maji kila mtu na chupa yake. Mwangalie mwenzio."

"Ndiyo, mama."

Mlango ukafunguka, ukafungwa. Damari alisimamisha hapo, akavuta pumzi. Mama alitoka. Merina aliona kitenge kikipanda, na hapo hapo akawa ameona yote. Aliyekipandisha alikuwa ameondoka na dumu, na kitenge amekisahau ukutani.

Akaendelea. Watoto walicheza. Yona alipanda juu ya kitu, pengine kile kigoda, akakohoa kizee. "Ndugu wananchi! Mimi Mwenyekiti wenu! Nimewaletea... nimewaletea..." Akakosa alichowaletea. "Maandazi!" akamsaidia Sechelela, na wote wawili wakaangua kicheko. Damari naye alijikuta anatabasamu peke yake kwenye chumba kile, na tabasamu lile likamuuma.

King'ora kikalia. Mlango ukajifunga, kwa sauti ile nzito ya chuma. Mama alikuwa amenaswa njiani, amejibanza alipofika, kama kila aliyekutwa mbali na kwake. Kwa siku ya kawaida si tatizo, kwani kila nyumba ya ulezi ina kiyoyozi.

Halafu kiyoyozi kikazima.

Kilishuka taratibu, kikakoroma, kikanyamaza. Sauti ya mashine ikasema kutoka kwenye kipaza sauti cha dari, kwa adabu: "Umeme wa nyumba za ulezi unasitishwa kwa muda, kwa zamu, kwa amri ya Baraza, ili kunusuru Ghala. Zamu ya kwanza ni nyumba hii. Tafadhali kaeni kwa utulivu."

Damari akairudisha nyuma. Akaisikiliza tena. Nyumba za ulezi. Si nyumba moja. Na Baraza lilikuwa limewatangazia watu kwamba kiyoyozi cha Mama Chilewa kilikuwa kibovu, hakikufanyiwa matengenezo, uzembe wa mlezi.

Joto halina sauti, lakini mtu akikaa miaka anasikiliza nyumba za watu hulisikia. Maneno ya watoto yalianza kuwa mafupi. Vicheko vikaisha. Bati la paa likaanza kulia kwa joto. Sechelela alisema walale sakafuni. Yona alisema sakafu inaunguza. Wakahama, wakahama tena.

"Yangu imeisha," alisema Sechelela.

Chupa ikatikiswa, haikutoa sauti ya maji.

"Yona. Nipe funda moja."

"Hii yangu."

"Najua yako. Funda moja tu. Mama akija nitakurudishia."

Yona alifikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri. "Haya," alisema. "Moja."

Damari alisikia kifuniko kikizunguka. Akasikia msichana akimeza, akameza, akameza, bila kuvuta pumzi katikati, kama mtoto mchanga aliyecheleweshewa ziwa. Haikuwa tamaa. Mwili wake ulikuwa umemshinda. Chupa ilipopigwa chini ililia kama chupa tupu.

"Umesema moja," alisema Yona. Hakulia. Alisema tu, kama anayemkumbusha.

Baada ya hapo ndipo zilipoanza zile ngo, ngo, ngo. Alikuwa Yona. Alikuwa anapiga pipa la maji lililokauka, lililoegemea ukuta, anaita mama. Ukuta ule ndio aliogusana nao Merina, na ndoo zake za barafu. Damari alisikiliza mapigo yakipungua. Hakuyaruka. Alijilazimisha kukaa nayo mpaka la mwisho, maana siku yalipopigwa hakuwepo.

"Usilale," alisema Sechelela. "Yona. Mama anakuja. Usilale."

Muda mrefu ukapita. Plastiki ikakwaruza sakafu.

"Shika chupa yako. Si umekunywa wewe? Ukiulizwa sema umekunywa wewe. Eh? Yona? Sema umekunywa wewe."

Yona hakusema. Baadaye sana Sechelela akaanza kuimba wimbo wa kidole gumba, akaurudia, akaurudia, sauti imekauka kama karatasi, mpaka mlango ulipofunguka jioni na Mama Chilewa akapiga ukelele ambao Damari aliutoa masikioni kabla haujaisha.

*

"Mlikata umeme," alimwambia Mwenyekiti. Alikuwa bado hajakaa.

Lameki hakukana. Alionekana amezeeka tangu asubuhi. "Ghala lilikuwa linaiva, binti yangu. Ungeona mwenyewe. Sauti za watoto wote wa mji huu, miaka yote, zilikuwa zinaanza kupasuka. Tulidhani ni kidogo tu, watoto hawatahisi."

"Mkawapunguzia watoto baridi ili mtunze sauti zao."

"Ukilisema hivyo ni baya."

"Nalisemaje, baba?"

Lameki alisogea dirishani, akatazama juu, kwenye turubai lililokuwa linameta kama bati jipya. "Leo ni kali kuliko siku ile," alisema, kama anayezungumza na kioo.

"Mtakata tena?"

"King'ora kikilia Baraza litaangalia hali ya Ghala."

"Mtakata tena, baba?"

"Hatuna umeme wa vyote viwili!" Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Unadhani mimi silali na yule mtoto kichwani? Lakini sikiliza. Sema baki. Nitahakikisha Mama Chilewa hafukuzwi ovyo, nitampeleka Kivuli cha jirani, atapata kibanda. Yule binti anabaki na stara yake, na wewe unabaki na kiti chako. Na nikivuka siku hii ya leo, naapa, nitatafuta njia."

"Nikitoka pale nje nikawaambia kwa mdomo tu? Kwamba mlikata umeme. Bila kufungua."

"Neno la mdomo la msikilizaji halihesabiki, unajua. Vinginevyo mngekuwa mnauza siri za watu mtaani. Watasema umehongwa na Mama Chilewa. Nitalazimika kusema hivyo mimi mwenyewe."

Alisema hilo bila chuki, na kwa sababu hakulisema kwa chuki Damari alijua atalitimiza.

Akashika njia ya zahanati, alikokuwa Sechelela. Alitembea polepole, wala si kwa kuchoka. Kila nyumba ya ulezi aliyoipita aliijua kwa sauti yake: hii ina mtoto anayekoroma mchana, hii ina pacha wanaogombea mto, hii ina mlezi anayewasomea maandiko kwa sauti ya kuigiza. Watoto walikuwa nje, wanachezea mchanga, wanangoja king'ora kama siku zote. Alijaribu kuyapima mambo mawili hayo. Kila alipoliinua moja, lile jingine lilimwangukia. Kama angesema baki, jioni pengine mtu angetoka kwenye moja ya milango hii amebeba mwingine aliyefunikwa, na yeye Damari angekuwa amejua. Kama angesema funguka, mtoto wa miaka kumi na moja angesimamishwa mbele ya mji mzima akisikika anameza. Na ule mji ungelisahau Baraza haraka sana. Funda lile usingelisahau.

Na maji yale ya chupani, yangemvusha Yona mpaka jioni? Hakuna aliyejua. Sechelela angeishi na swali hilo hata Sikio likibaki limefungwa. Likifunguliwa angeulizwa na kila mtu.

*

Walikuwa wamemweka Mama Chilewa kwenye chumba cha nyuma cha zahanati, kwa usalama wake, walisema. Mlinzi alikuwa mlangoni. Mama mwenyewe alikuwa amekaa kitandani, mwanamke mnene ambaye ngozi ilikuwa imeanza kumning'inia kwa siku chache tu, na Sechelela alikuwa sakafuni amejiegemeza kwenye miguu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe msikilizaji?"

Damari alisita. Haikuruhusiwa kujitaja. "Ndiye mimi."

Mama Chilewa alimtazama kwa muda. Damari alingoja atukanwe. "Basi unanijua kuliko mume wangu alivyonijua," alisema mwanamke yule. "Pole na kazi." Kisha akainamisha kichwa. "Kitenge nilikisahau mwenyewe. Hilo wasikutwishe wewe. Ulifanya adabu."

"Mama, adabu ile..."

"Ulifanya adabu, nimesema. Sasa sikia, mimi nimeshakubali kutoka. Huko nje mtu hutembea alfajiri, akajibanza mchana. Nina miguu. Ila huyu wamwache. Watu wanataka mtu wa kumtupia hasira, wanitupie mimi, waishie hapo. Usifungue. Humo ndani kuna kifo cha mwanangu, hakichezwi kwenye vipaza sauti kama ngoma."

Sechelela hakuinua uso. Kidole chake kilikuwa kinachora kitu kwenye sakafu, kinafuta, kinachora.

"Sheria inataka nizungumze na mtoto peke yetu," alisema Damari. "Kabla ya kusema neno langu."

Mama Chilewa akasimama kwa tabu. Alimpapasa msichana kichwani, akatoka, na mlango ukabaki wazi kidogo.

Damari alikaa chini, sakafuni, ili wawe sawa. Aliona yuko karibu mno na uso ambao hakuwahi kuuona, japo sauti yake aliijua ilipong'oka jino, ilipopata mafua, ilipokuwa inakariri jedwali la saba.

"Nimesikia," alisema.

"Yote?"

"Yote."

"Hata pale...?"

"Hata pale, Sechelela."

Msichana hakulia. Alirudi nyuma kidogo, akaegemea kitanda, kama mtu aliyetua mzigo na hajui aiweke wapi mikono. "Nilisema moja," alisema. "Nilitaka moja kweli. Mdomo ukakataa kuacha."

"Najua. Nilikusikia."

"Unanichukia?"

"Hapana."

Nje, mbali kidogo, uwanja ulikuwa unaimba: fu-ngu-a, fu-ngu-a. Damari alimweleza. Alimweleza kwa maneno mafupi, kama alivyotamani mtu angemweleza yeye: kiyoyozi hakikuharibika, kilizimwa, kama ile sauti ya darini ilivyosema, ingawa watu waliambiwa vingine. Leo watakizima tena, kwenye nyumba zote. Wakisikia siku ile nzima, watu hawatakubali. Wasiposikia, hawataamini. Na ni nzima, haikatwi.

Sechelela alisikiliza. Kidole kikaacha kuchora.

"Nyumba zote? Na ile ya pacha?"

"Na ile ya pacha."

"Wale hawajui hata kufungua chupa. Wanafunguliwa." Kiganja kikafuta mchoro wote. "Watanicheka?"

"Wengine watakucheka. Wengine watakusema vibaya. Sitakudanganya."

"Muda mrefu?"

"Pengine muda mrefu."

"Na ukiamua kufungua, mimi siwezi kukuzuia?"

"Neno ni langu. Lakini nimekuja kwako kwanza."

Msichana akavuta magoti kifuani. Alipoongea aliongea na magoti. "Basi fungua. Watu wote wasikie. Hata Merina." Akainua uso, na kwa mara ya kwanza macho yao yakakutana. "Lakini mama asisikie. Yeye anajua Yona alikunywa. Ananiambia, afadhali alikunywa, hakufa na kiu. Kila siku ananiambia hivyo, ndipo analala. Dada, naomba. Wote, lakini mama asisikie."

Damari akafungua mdomo. Mlezi hukaa mbele kabisa uwanjani, ndivyo ilivyotakiwa. Na vipaza sauti vya Mlowezi vilitundikwa kila kona ya Kivuli, ili asiwepo, hata aliyejifungia ndani mchana, wa kusema hakusikia.

Mlango ukasukumwa. Mama Chilewa aliingia kwa mgongo, mikononi kikombe cha bati kimejaa pomoni, anakilinda kisimwagike. "Samahanini, nawakatisha," alisema. "Huyu tangu siku ile hanywi maji mpaka nimshikie mimi. Nimwone amekunywa ndipo muendelee."

Alipiga magoti, akaweka kiganja nyuma ya kichwa cha msichana, akakisogeza kikombe mdomoni. Sechelela hakufungua midomo. Juu ya ukingo wa kikombe alikuwa anamtazama Damari, anasubiri. Nje, king'ora cha jua kilianza kulia, na neno la Damari lilikuwa bado halijasemwa.